Jina Liishie Picha Inapoishia: Utambuzi na Uainishaji wa Nondo Waliopigwa Picha kwenye Taa za Usiku

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna nondo wanaopigwa picha kwenye taa za usiku wanavyoweza kutambuliwa na kuainishwa, na inachunguza ni ngazi ipi ya uainishaji ambayo picha peke yake inaweza kuithibitisha. Mifano imetolewa katika nondo wanaopatikana Tanzania, na mkazo umewekwa kwenye jenasi ya Spodoptera, yenye spishi za viwavijeshi. Hoja ya makala ni kwamba makosa mengi ya utambuzi hayatokani na ubovu wa picha, bali hutokana na jina kupelekwa mbele kuliko ushahidi. Na kwamba Kiswahili, ambacho kina majina kadhaa ya viwavi lakini jina moja tu la nondo, kinahitaji istilahi zinazoonyesha wazi mtambuzi amesimama katika ngazi ipi.

1.0 Utangulizi

Makala hii imetokana na kosa la mwandishi. Katika mwaka wa kwanza wa masomo ya uzamivu, nilipokuwa nikikusanya istilahi za wadudu kwa ajili ya tasnifu, niliishi katika nyumba ya kupanga chini ya Milima ya Uluguru, Morogoro. Taa ya kibarazani iliwaka hadi usiku wa manane, na mvua za masika zilipoanza ukuta ulijaa nondo. Nilianza kuwapiga picha kwa simu kwa sababu nilihitaji vielelezo vya kuambatanisha na orodha yangu ya istilahi. Usiku mmoja alitua nondo mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye doa lililoelekea weupe karibu na ncha ya bawa. Nililinganisha picha yake na picha za mwongozo mmoja, nikaridhika, nikaandika chini yake: kiwavijeshi vamizi. Asubuhi nilimwonyesha mzee jirani aliyekuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Nilifanya hivyo kwa nia njema na, sina budi kukiri, kwa kujionyesha kidogo.

Siku hiyohiyo mzee alinunua kiuatilifu kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbolea ya kukuzia, akanyunyiza shamba zima. Afisa ugani alipopita wiki iliyofuata alifunua majani machanga ya shina moja baada ya jingine. Hakukuta matundu wala mikwaruzo ya kuliwa, wala kinyesi cha viwavi katika vikonyo vya majani. Shamba halikuwa limeshambuliwa hata kabla ya dawa. Mzee hakunikasirikia. Aliomba kuiona tena picha, akaiangalia kwa muda, kisha akauliza: “Mwanangu, hapa kwenye picha kiwavi yuko wapi?”

Swali hilo lilikuwa na maswali mawili ndani yake, na sikuwa na jibu la lolote. La kwanza ni la kibiolojia: ni kitu gani katika picha ile kiliniruhusu kutaja spishi? La pili ni la kiisimu: kwa nini nilimwita mdudu mpevu mwenye mabawa kwa jina la kiwavi, kana kwamba kumwona mmoja ni kumwona mwingine? Sehemu zinazofuata zinayajibu maswali hayo kwa kadiri mwandishi alivyoweza kujifunza baadaye, kwa kuketi na wataalamu wa wadudu na kwa kuzirudia picha zake mwenyewe moja baada ya nyingine.

2.0 Nondo katika lugha na nondo katika sayansi

Katika mazungumzo ya kila siku neno nondo linatosha. Kwamba neno hilohilo hutaja pia vyuma vya kuimarishia zege ni suala la homonimia ambalo halimsumbui msemaji, ingawa humsumbua sana mtafiti anayetafuta picha mtandaoni, kwani wauza vifaa vya ujenzi humtangulia kila mara. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamjua nondo kama mharibifu wa nguo. Matumizi hayo yanafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu nondo wapevu wa nguo, wa familia ya Tineidae, hawali kitambaa. Wanaokula ni mabuu yao. Lugha imempa mpevu lawama ya buu. Katika mashamba hali ni kinyume chake: buu ndiye mwenye jina, na mpevu hana.

Hali hii ya pili ndiyo inayohusu mada yetu. Mkulima wa Tanzania anamjua kiwavijeshi. Mkulima wa nyanya anamjua kantangaze, mdudu ambaye vitabu vya miaka michache iliyopita vinamwita Tuta absoluta na machapisho mapya yanamwita Phthorimaea absoluta. Jina kantangaze halikuundwa na kamati yoyote. Lilizuka mashambani, na limeshika kuliko istilahi nyingi zilizoundwa mezani. Hata hivyo ukimwonyesha mkulima huyohuyo nondo mpevu wa kantangaze, kijidudu cha kijivu kisichozidi urefu wa punje ya mpunga, atasema ni nondo, au ni kipepeo wa usiku, au ni mdudu wa taa tu. Majina ya Kiswahili yamefuata madhara, na madhara hufanywa na buu, huku taa ikituletea mpevu. Anayetaka kutumia picha za taa kwa manufaa ya shamba lazima alivuke pengo hilo, na mimi nililivuka kwa kuruka.

Katika sayansi, nondo na vipepeo wamo katika oda moja ya Lepidoptera, yaani wadudu ambao mabawa yao yamefunikwa kwa magamba madogo mfano wa vumbi. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni takribani 160,000, na kati ya hizo vipepeo ni takribani 18,000 tu. Waliobaki wote ni nondo. Ni muhimu kueleza kwamba nondo si tawi moja la ukoo linalokabiliana na tawi la vipepeo. Vipepeo ni kijitawi kilichochipua katikati ya mti wa nondo, hivyo neno nondo linataja kila aliyesalia baada ya vipepeo kuondolewa. Linnaeus, katika toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758, aliigawa oda hii katika jenasi tatu: Papilio kwa vipepeo, Sphinx kwa nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba, na Phalaena kwa wengine wote. Phalaena ilikuwa kapu, na sehemu kubwa ya historia ya uainishaji wa nondo tangu wakati huo ni historia ya kulipakua kapu hilo.

Kazi hiyo haijakwisha. Msomaji atakayefungua mwongozo wa zamani atakuta familia za Arctiidae na Lymantriidae zikisimama peke yake. Katika mfumo uliokubalika baada ya tafiti za molekuli zilizochapishwa karibu na mwaka 2011, makundi hayo ni familia ndogo ndani ya Erebidae. Mtahini anayekuta majina yote mawili katika kazi ya mwanafunzi asidhani kwamba moja ni kosa la tahajia. Ni tabaka mbili za wakati, na mwandishi anapaswa kusema amefuata lipi.

3.0 Taa na kile inacholeta mbele ya kamera

Maelezo ya zamani yalidai kwamba nondo huifananisha taa na mwezi, au kwamba huvutwa na joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications, uliotumia kamera za kasi kubwa, umetoa maelezo mengine. Wadudu wanaoruka usiku huelekeza mgongo upande wenye mwanga zaidi. Porini upande huo ni anga, na mgongo ukielekezwa huko mdudu huruka wima bila kupinduka. Karibu na taa upande wa mwanga hubadilika kila anapopita, naye huendelea kuinamisha mgongo kuielekea, hivyo huzunguka na kunasa asiweze kuondoka. Kwa hiyo nondo aliye ukutani si mgeni aliyekuja kwa hiari. Ni mpita njia aliyenaswa.

Jambo hili lina athari ya moja kwa moja katika utafiti. Kwanza, kuwapo kwa nondo kwenye taa kunathibitisha tu kwamba alipita karibu. Hakuthibitishi kwamba anazaliana hapo, na nondo wa viwavijeshi ni wasafiri mashuhuri ambao huweza kuletwa na upepo kutoka mbali sana. Pili, taa huchagua. Balbu zinazotoa mionzi mingi ya urujuanimno huwanasa wengi kuliko balbu nyingi za LED zinazouzwa sasa madukani. Usiku wa mbalamwezi huleta wachache kuliko usiku wa giza. Na spishi nyingine haziji kabisa. Orodha ya nondo wa taa ya kibarazani ni orodha ya taa hiyo katika usiku huo, na haipaswi kuitwa orodha ya nondo wa Morogoro.

Hivyo kila picha iandikiwe tarehe, saa, mahali, aina ya taa na hali ya hewa. Mambo haya huandikwa palepale kwa dakika moja, lakini yakisahaulika hayapatikani tena. Picha zangu nyingi za mwanzo hazina hata moja kati ya hayo isipokuwa tarehe iliyowekwa na simu yenyewe.

4.0 Kuisoma picha

Mtambuzi mzoefu haanzi na rangi. Rangi humdanganya anayeanza, kwa kuwa magamba hupukutika, mwanga wa simu huchoma weupe, na balbu ya manjano hugeuza kijivu kuwa kahawia. Huanza na mkao.

Nondo wa familia ya Geometridae hulaza mabawa bapa ukutani, yote manne yakionekana, na mara nyingi mistari ya bawa la mbele huendelea moja kwa moja katika bawa la nyuma kana kwamba imechorwa kwa mkono mmoja. Nondo wa Noctuidae hukunja mabawa juu ya mgongo kama paa la nyumba, na mabawa ya nyuma hufichika. Wale wa Sphingidae wana mwili mnene uliochongoka nyuma, na mabawa marefu membamba yanayoelekezwa nyuma kama kichwa cha mshale. Pterophoridae husimama kama herufi T, mabawa yakiwa yamekunjwa hata yakafanana na vijiti. Baadhi ya Lasiocampidae hutokeza ukingo wa bawa la nyuma mbele ya bawa la mbele, jambo linalowafanya wafanane na rundo la majani makavu. Kwa mkao peke yake, mtu aliyejizoeza kwa msimu mmoja anaweza kugawa picha zake nyingi katika familia bila kufungua kitabu.

Baada ya mkao hufuata vipapasio. Vipapasio vya vipepeo vina kirungu mwishoni; vya nondo kwa kawaida ni kama uzi au kama unyoya. Vile vya unyoya huwa vipana zaidi kwa dume, ambaye hunusa feromoni ya jike kutoka mbali. Katika familia ya Saturniidae, ambayo ina nondo wakubwa wenye madoa mfano wa macho, upana wa kipapasio huweza kuonyesha jinsia hata katika picha ya kawaida. Kisha hutazamwa sehemu za mdomo: kwa nondo wa Crambidae na Pyralidae viungo vya kugusia huchomoza mbele ya kichwa kama pua.

Mabawa huja mwisho, na hapa msamiati sahihi ni wa lazima. Bawa la mbele la Noctuidae kwa kawaida lina madoa mawili katikati: moja la mviringo karibu na mwili, jingine lenye umbo la figo mbele yake kuelekea ncha. Makala hii inayaita doa-duara na doa-figo. Kuna mistari inayokata bawa kwa upana, na kuna ukingo wa nje wenye nywele fupi. Anayeandika kwamba nondo ana madoadoa hajasema kitu. Anayeandika kwamba doa-duara limelala mshazari na lina rangi ya maziwa amempa msomaji kitu cha kukagua.

Zipo spishi ambazo picha nzuri humaliza kazi. Acherontia atropos, mwenye alama mfano wa fuvu la kichwa kifuani juu, ambaye huingia katika mizinga kuiba asali na hutoa mlio akiguswa, hahitaji maabara. Cyligramma latona wa familia ya Erebidae, yule mkubwa wa kahawia iliyokoza mwenye jicho katika kila bawa la mbele na mstari mweupe unaovuka mabawa yote, huingia majumbani na kujulikana mara moja. Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, ana mikanda ya waridi ubavuni mwa tumbo. Lakini hata kwa huyu picha inaweza kukosa: akitulia, mabawa ya kijivu huifunika mikanda hiyo, na mpiga picha asiyengoja aondoke hupata nondo wa kijivu tu.

Kwa hiyo picha moja haitoshi. Inahitajika picha ya juu iliyopigwa kamera ikiwa sambamba na ukuta, picha ya ubavuni, picha ya kichwa, na ikiwezekana picha inayoonyesha bawa la nyuma. Kando ya mdudu pawekwe kitu cha kipimo. Rula ya mwanafunzi inatosha. Bila kipimo, nondo wa milimita 8 na nondo wa milimita 80 hujaza kioo cha simu sawasawa.

5.0 Pale picha inapokoma

Turudi kwa nondo wa mzee. Jenasi ya Spodoptera ina spishi kadhaa Afrika Mashariki, na tatu zinahusika hapa. Spodoptera exempta ni kiwavijeshi wa siku nyingi, ambaye mabuu yake, yakiwa mengi, hugeuka meusi na kutembea kwa makundi kutoka shamba hadi shamba. Spodoptera littoralis hushambulia pamba na mboga. Spodoptera frugiperda asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kufika Tanzania na Kenya. Huyu ndiye kiwavijeshi vamizi.

Miongozo husema kwamba dume wa S. frugiperda ana alama nyeupe ya pembetatu karibu na ncha ya bawa la mbele, na doa-duara la mshazari lenye rangi hafifu. Maelezo hayo ni ya kweli kwa dume aliye mpya. Jike wa spishi hiyohiyo ni wa kijivu-kahawia bila alama za kutegemewa. Dume wa S. exempta naye huweza kuwa na doa-duara jeupe la mshazari. Bawa la nyuma halisaidii, kwa kuwa katika spishi zote tatu ni jeupe. Nondo aliyepiga balbu kwa saa tatu amepoteza magamba mengi, na sehemu iliyopoteza magamba huonekana nyeupe. Ninapoitazama picha yangu leo naona kwamba doa lililonishawishi liko kwenye bawa moja tu. Bawa la pili halina. Alama halisi ya spishi ingekuwa kwenye mabawa yote mawili. Kilichokuwa upande mmoja, kwa uwezekano mkubwa, ni mchubuko.

Vigezo vinavyotenganisha spishi hizi kwa uhakika haviko katika picha ya ukutani. S. exempta hutambuliwa kwa magamba ya ncha ya tumbo, ambayo kwa dume yana umbo la kasia dogo na huhitaji lenzi. Kwa spishi nyingi za Noctuidae, mtaalamu huondoa tumbo, hulilainisha katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi, kisha huchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini, kwa kuwa viungo hivyo hutofautiana hata pale mabawa yanapofanana. Njia nyingine ni msimbo wa DNA, uliopendekezwa na Paul Hebert na wenzake mwaka 2003, unaolinganisha kipande cha jeni ya COI na hazina ya vipande vilivyokwisha kutambuliwa. Njia zote mbili zinahitaji mdudu mkononi. Picha haina tumbo la kupasua.

Njia ya tatu ni rahisi, nayo ndiyo ambayo mzee aliigusa bila kukusudia: kumtafuta kiwavi. Kiwavi aliyekua wa S. frugiperda ana mstari wa rangi hafifu usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili ana vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa mraba. Vidoa hivyo huonekana kwa macho, na picha yake iliyopigwa mchana kwa simu ni ushahidi mzito kuliko picha kumi za nondo mpevu. Laiti ningemwambia mzee aende kwanza kufunua majani, fedha ya mbolea ingebaki mfukoni.

Huenda msomaji akauliza kama programu za utambuzi hazijaliondoa tatizo hili. Zinasaidia sana katika ngazi ya familia, na ninazitumia. Lakini programu hujifunza kutokana na picha ilizopewa, na sehemu kubwa ya picha hizo zimetoka Amerika Kaskazini na Ulaya. S. frugiperda, mdudu wa Amerika aliyepigwa picha sana, ana nafasi kubwa ya kupendekezwa kuliko ndugu zake wa Kiafrika waliopigwa picha kidogo. Katika jukwaa la iNaturalist, jina la spishi huthibitishwa pale zaidi ya theluthi mbili za watambuzi wanapokubaliana. Utaratibu huo ni mzuri kwa nondo wa fuvu. Kwa nondo wa kijivu, watu watatu waliotazama picha ileile isiyo na kigezo hawajaongeza kigezo.

6.0 Istilahi za kusimamia

Wanataksonomia wana desturi ya kuandika kiwango cha uhakika ndani ya jina lenyewe. Spodoptera sp. maana yake ni kwamba jenasi imejulikana na spishi haijajulikana. Spodoptera cf. frugiperda maana yake ni kwamba mdudu anafanana na spishi hiyo na anapaswa kulinganishwa nayo kabla ya kukatwa shauri. Vifupisho hivi vya Kilatini ni vidogo, lakini vingetosha kuokoa shamba la mzee, kama Kiswahili nilichokuwa nikiandika kingekuwa na namna ya kuvibeba. Hakikuwa nayo, au tuseme sikuitafuta. Lebo yangu ya maneno mawili haikuwa na mahali pa shaka.

Katika kuunda istilahi za nondo, njia tatu zinazozoeleka zimejaribiwa, nazo hazina mafanikio sawa. Tafsiri sisisi imefaulu katika neno kiwavijeshi, kwa sababu taswira ya jeshi inaonekana shambani. Lakini jina la Kiingereza la S. frugiperda linataja majira ya kupukutika kwa majani huko Amerika Kaskazini, majira ambayo mkulima wa Kilosa hayajui. Waliochagua vamizi waliiacha tafsiri na kutaja kile ambacho mdudu amekifanya kwetu, yaani kuja kutoka kwingine na kutwaa. Huo ni uamuzi bora wa kiistilahi ambao haujasifiwa vya kutosha. Kinyume chake, kumwita nondo wa Sphingidae kwa jina la mwewe kwa sababu Waingereza wamefanya hivyo kunamwachia msomaji taswira ya watu wengine.

Kutohoa kunafaa kwa ngazi za uainishaji: oda, familia, jenasi na spishi zimekwisha kukaa. Ngazi iliyo juu ya oda huitwa ngeli, jambo linalowachekesha wanaisimu wa Kibantu, kwani nondo ni wa ngeli ya wadudu katika biolojia na wa ngeli ya A-WA katika sarufi, na hakuna anayechanganya. Majina ya familia napendekeza yaachwe katika Kilatini, kwa kuwa ndiyo njia ya msomaji kuyafikia machapisho mengine. Kuyatohoa kungezaa tahajia nne kwa familia moja.

Njia ya tatu, ya maelezo, ndiyo inayohitajika zaidi kwa picha za taa. Napendekeza mambo mawili. La kwanza ni kumtenga mpevu na buu katika jina: nondo wa kiwavijeshi kwa mwenye mabawa, kiwavijeshi kwa anayekula. Pendekezo hili linaonekana dogo, lakini linamlazimu mwandishi kusema ameona nani. La pili ni kuandika ngazi ya uhakika kwa Kiswahili, mara baada ya jina: “spishi haijabainishwa” pale penye sp., na “wa kulinganishwa na” pale penye cf. Baadhi ya wenzangu waliosoma rasimu wamesema lebo hizi ni ndefu mno kwa jedwali. Ni kweli. Jedwali linaweza kuwa na safu moja zaidi, na katika viambatisho vya tasnifu yangu nimeiongeza: safu ya jina, safu ya ngazi iliyothibitishwa, na safu ya kigezo kinachoonekana pichani. Safu ya tatu ndiyo ngumu kuijaza. Mara kadhaa nimejikuta nikifuta jina la spishi kwa sababu safu hiyo ilibaki tupu, na jenasi pia, mpaka nikabaki na familia.

Picha ya nondo wa mzee imo katika viambatisho hivyo. Lebo yake ya sasa inasema: nondo wa familia ya Noctuidae, jenasi Spodoptera, spishi haijabainishwa, taa ya kibarazani, Morogoro, msimu wa masika, kigezo: mkao wa paa, doa-duara na doa-figo, bawa la kushoto limechubuka. Nilimsomea mzee lebo hiyo kabla ya kuikabidhi tasnifu. Alisikiliza hadi mwisho, akataka nirudie pale penye bawa lililochubuka, kisha akaniuliza kama mahindi ya msimu huu niliyaona yanavyoendelea.